Kodi Isipolipwa: Mali, Mlango na Kufuli katika Miji ya Afrika Mashariki

Mwezi uliokwisha kulaliwa haurudishwi. Aliyeazimisha baiskeli anaweza kuifuata baiskeli yake, na mwenye ng'ombe anaweza kumswaga ng'ombe wake hadi nyumbani, lakini mwenye nyumba ambaye mpangaji wake hakulipa kodi ya mwezi uliopita hana kitu cha kurudishiwa. Ndiyo maana tangu zamani mdai kodi ametafuta kitu kingine cha kushika badala ya kile alichokodisha. Kuna vyombo vya mpangaji vilivyomo ndani, kuna mlango, kuna mpangaji mwenyewe, na kuna muda, yaani kuipokea kodi kabla mwezi haujaanza. Katika miji ya Afrika Mashariki vyote vinne vimejaribiwa, na kila sheria ilipofunga njia moja, wenye nyumba walihamia nyingine.

Kabla ya mahakama za kikoloni, deni la kodi katika miji ya pwani lilipelekwa kwa kadhi kama deni lingine lolote. Fikihi inaihesabu kodi kuwa bei ya manufaa: mwenye nyumba hauzi nyumba, anauza ukaazi wa muda fulani. Nyumba ikiporomoka na kutokalika, manufaa yamekatika, na kodi nayo inakatika. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mdai hapewi ruhusa ya kuingia ndani na kubeba vitu. Anamshtaki mdaiwa, anathibitisha deni lake, kisha kadhi anahukumu. Mwenye uwezo anayezungusha anaweza kuwekwa ndani mpaka alipe. Asiye nacho kweli anapewa muda mpaka apate. Tofauti hiyo kati ya asiyetaka na asiyeweza inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini sheria zilizofuata ziliisahau kwa miaka mingi.

Nyumba za kupangisha zenyewe hazikuwa nyingi. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa za ukoo, na waliolala humo walikuwa ndugu, wageni, watumwa na watu waliojiegemeza kwa mwenye nyumba. Maduka ya chini ndiyo yaliyokodishwa, wengi wa wapangaji wakiwa wafanyabiashara wa Kihindi. Nyumba nyingine ziliwekwa wakfu ili kodi yake igharimie msikiti, kisima au kizazi cha aliyeweka wakfu. Huko Unguja Kamisheni ya Wakfu ilianzishwa mwaka 1905, na kuanzia hapo sehemu ya kodi ya mji ilikuwa inadaiwa na ofisi yenye daftari.

Lakini historia ya malimbikizo ya kodi pwani haikuanzia kwenye nyumba. Ilianzia kwenye kiwanja. Ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe wa Unguja, ardhi ilikuwa ya matajiri wachache, wengi wao Waarabu, na sehemu yake ilikuwa wakfu. Watumwa, waliokombolewa na wahamiaji kutoka bara walijenga humo nyumba za miti na udongo, wakaziezeka makuti. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Kwa muda mrefu hakuna fedha iliyotolewa kwa ukaaji huo, au ilitolewa kidogo sana. Alichopata mwenye ardhi ni heshima, watu wa kumfuata, na mikono ya kazi siku ya haja. Utumwa ulipofutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, uzi huo ulikatika. Bwana asiyeweza tena kumwita mtu kwa jina la utumwa alianza kumwita kwa jina la kodi. Viwanja vikaanza kuuzwa, wanunuzi wengi wakiwa Wahindi wenye mtaji, na mnunuzi aliyetoa fedha yake hakuwa na sababu ya kungoja heshima.

Hapo ndipo jambo la kipekee la pwani lilipojitokeza. Mwenye kiwanja anayedai anadai nini hasa, ikiwa nyumba iliyosimama juu yake ni mali ya mdaiwa? Sheria ya Kiingereza ilikuwa na jibu fupi: kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya pwani ilisema vinginevyo, kwamba mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi, akaiuza, akairithisha, au akavunja miti yake na mabati yake akaondoka navyo. Kwa hiyo kumhamisha mdaiwa wa kiwanja hakukuwa sawa na kumhamisha mpangaji wa chumba. Deni dogo la kila mwezi liliweza kula nyumba nzima ambayo ujenzi wake ulichukua akiba ya miaka.

Miaka ya 1920 kodi za viwanja katika mtaa huo, ulioitwa Ng'ambo, zilipanda, na mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa. Mgomo huo unakumbukwa kuliko migogoro mingine ya kodi katika historia ya Unguja, na ni haki yake, kwa sababu uliunganisha watu ambao kwa kawaida hawakusimama pamoja: watu wa makabila mbalimbali ya bara, Wangazija, waliojiita Waswahili, na wanawake wengi waliokuwa wenye nyumba wao wenyewe. Wenye viwanja walifanya yaliyokuwa mikononi mwao kisheria. Walikwenda mahakamani na kuomba amri za kuwahamisha wadaiwa. Amri hizo zilikuwa rahisi kuandikwa na ngumu kutekelezwa, kwani mahakama inaweza kumhamisha mdaiwa mmoja, lakini mtaa mzima ukikataa, karani mwenye hati mkononi hana pa kuanzia. Serikali iliishia kuweka amri ya kudhibiti kodi za viwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ikawa chini ya serikali, na daftari la wadai wa Ng'ambo likafungwa.

Mombasa daftari hilo halijafungwa. Katika Majengo na mitaa mingine iliyopimwa kwa mtindo wa kukodisha ardhi, mwenye ardhi aligawa viwanja, akaandika majina, na wapangaji wa viwanja wakajenga nyumba zao kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba hizo zikawa na wapangaji wa vyumba. Mnyororo ukawa hivi: mpangaji wa chumba anamlipa mwenye nyumba, mwenye nyumba anamlipa mwenye ardhi, na pete moja ikilegea zote zinalegea. Mahakama za Kenya ziliitambua desturi ya nyumba bila ardhi, hivyo mdai wa kiwanja hawezi tu kusema kuwa kuta ni zake. Anabaki na haki ya kutoa notisi, ya kudai malimbikizo, na ya kumtaka mdaiwa aondoe nyumba yake. Kauli hiyo ya mwisho haina utekelezaji mwepesi pale nyumba yenyewe ilipokwisha kuwa ya matofali. Miti na makuti vilibebeka, saruji haibebeki.

Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji kwa maana yake ya leo ilifika kwa njia mbili, na ya kwanza ilipitia India. Waingereza walipoweka mahakama zao Afrika Mashariki hawakuandika sheria mpya. Walichukua vitabu vilivyokwisha kutumika Bombay. Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya mwaka 1882 ikawa sheria ya kupangisha majengo Kenya na Zanzibar, na baadaye Tanganyika. Chini yake upangaji wa mwezi kwa mwezi ulivunjwa kwa notisi ya siku 15. Kama mkataba ulikuwa na sharti kwamba asiyelipa atanyang'anywa nyumba, mwenye nyumba aliweza kutumia sharti hilo, lakini kifungu cha 114 kilimwachia mpangaji mlango mmoja wa kutokea. Akija mbele ya hakimu siku ya kesi na kodi yote, riba na gharama za kesi, mahakama iliweza kumsamehe na kumrudishia upangaji wake kana kwamba hakuna lililotokea. Mawakili wa pande zote walikijua kifungu hicho vizuri. Mpangaji mjanja alikaa bila kulipa mpaka siku ya kesi, na mwenye nyumba mjanja akahakikisha gharama zimefika juu. Tanzania Bara iliachana na sheria hiyo pale Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoanza kutumika mwaka 2001. Kenya iliachana nayo kwa sheria za ardhi za 2012.

Njia ya pili ilitoka Uingereza moja kwa moja, nayo ni ya kale mno: haki ya mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji bila kwenda mahakamani kwanza. Katika enzi za kati bwana wa ardhi alikamata ng'ombe wa mtu wake na kuwashika kama rehani mpaka huduma au kodi iliyodaiwa itolewe. Hakuruhusiwa kuwauza, wala kuwatumia. Alipaswa kuwaweka tu. Sheria ya Marlborough ya 1267 ikaongeza mipaka: mali isikamatwe katika barabara ya mfalme, wala isivushwe nje ya jimbo ilimokamatwa. Mwaka 1689 Bunge la Uingereza likageuza rehani hiyo kuwa mnada kwa kuruhusu mali iliyokamatwa iuzwe na deni lilipwe. Sheria ya 1737 ikamwezesha mwenye nyumba kufuata vitu vilivyohamishwa kwa hila na kuvikamata popote ndani ya siku 30. Ni dhahiri kuwa kuhama usiku wa manane na mizigo kichwani ni ufundi mkongwe kuliko miji yote ya bara katika Afrika Mashariki.

Kenya iliingiza haki hiyo katika vitabu vyake miaka ya 1930, kwa sheria iliyosema wazi kwamba mdai kodi atakuwa na njia ile ile anayopewa mtu wa Uingereza na sheria ya kimila ya huko. Sheria hiyo, inayojulikana kwa wanasheria kama Sura ya 293, ilileta pia mila zote ndogo zilizoizunguka. Mali ikamatwe kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Mlango wa nje usivunjwe. Dalali akiukuta umefungwa, arudi. Nguo alizovaa mtu zisivuliwe. Farasi aliyepandwa na shoka lililo mkononi mwa mkata miti havikamatwi, kwani kuvinyakua ni kuanzisha ugomvi. Kitambaa kilichopelekwa kwa fundi cherehani kinaokoka, maana si chake, amepewa akishone. Kanuni hii ya mwisho, iliyotungwa kwa ajili ya vijiji vya Uingereza, iliwafaa sana mafundi wa Biashara Street, Nairobi. Kwa upande mwingine, kanuni ya zamani iliruhusu hata mali ya mtu mwingine iliyokutwa ndani ikamatwe, na ilibidi mwenye mali ajitokeze kwa maandishi kuidai. Mgeni aliyeacha redio yake kwa rafiki alikuwa na sababu ya kuuliza kama rafiki amelipa kodi.

Aliyeitekeleza haki hiyo aliitwa dalali, na neno hilo linastahili kutazamwa. Limetoka katika Kiarabu, kwa mtu anayezunguka sokoni akinadi bidhaa ya mwingine. Katika miji ya Afrika Mashariki likapata kazi mbili. Dalali ni yule anayemtafutia mtu chumba na kuchukua ujira wake siku ya kuingia. Dalali pia ni yule anayekuja na lori, orodha na vibarua siku kodi isipolipwa, akaandika kabati, kochi, friji na televisheni, akaviacha kwa muda uliowekwa au akavipakia, kisha akavinadi. Gharama zake zinaongezwa juu ya deni. Kabati lililonunuliwa kwa mshahara wa miezi miwili linaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa, ujira wa dalali ukatoka kwanza, na mpangaji akabaki bila kabati akiwa bado anadaiwa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya njia yenyewe: vyombo vya ndani vina thamani kubwa kwa mwenye navyo kuliko kwa mnunuzi yeyote. Nguvu yake haikuwa katika fedha ya mnada bali katika hofu ya lori kusimama mlangoni majirani wakitazama.

Kulikuwa na mdai mmoja ambaye hakuhitaji lori. Mashirika makubwa, la reli likiwa mfano mkuu, yaliwajengea wafanyakazi wake nyumba, na nyumba ilikuwa sehemu ya ajira. Aliyeachishwa kazi aliachishwa na kitanda. Kwa mwajiri hapakuwa na malimbikizo, kwa mfanyakazi hapakuwa na mahali pa kusimama akitaka kubishana. Wale ambao hawakupata nyumba hizo walipanga vyumba mjini kwa bei ya soko, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei hiyo ilipanda kuliko mishahara. Mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, ulioanzia kwa watu wa bandari na reli na kuzaa chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Chege Kibachia, ulihusu ujira kwanza, lakini kodi ya chumba ilikuwa ndani ya hesabu hiyo tangu mwanzo. Posho ya nyumba inayoonekana hadi leo kwenye hati za mishahara za Kenya ilipata nguvu katika miaka hiyo.

Vita ndiyo iliyoleta pia udhibiti wa kodi. Meli za mizigo zilipopungua, saruji na mabati vikakosekana, majeshi yakajaza miji, na serikali za kikoloni zikaiga kile Uingereza ilichokifanya katika Vita vya Kwanza: kuzuia kodi isipande na kuzuia mpangaji asifukuzwe bila amri. Mwanzo ilikuwa hatua ya dharura. Kama dharura nyingi, ilikaa. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Kenya iliyotungwa mwaka 1959 ingali kwenye vitabu, na inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi ya msingi inapimwa kwa ile iliyotozwa tarehe 1 Januari 1981. Zamani kiwango hicho kilikuwa na nyumba nyingi za watu wa kati ndani yake. Thamani ya shilingi ilivyoshuka, kuta za sheria zikasogea zenyewe mpaka zikazunguka vyumba vya mabanda peke yake, na watunga sheria hawakuzigusa.

Kwa mwenye nyumba aliye ndani ya kuta hizo, deni la kodi linampa sababu ya kuomba nyumba yake, lakini lazima aombe mbele ya baraza la kodi. Baraza linatazama kama kodi inadaiwa kihalali na kama inafaa mpangaji aondolewe. Hata kukamata mali kwa Sura ya 293 kunahitaji ruhusa ya baraza hilo. Mwaka 1965 Kenya ikaongeza sheria nyingine kwa maduka, hoteli na migahawa. Upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ukawekwa chini ya ulinzi: notisi ya kuuvunja iwe kwenye fomu iliyowekwa, iwe ya miezi miwili, na mpangaji akiipinga, suala liende kwenye baraza. Kodi isiyolipwa kwa miezi miwili baada ya kuiva ni sababu halali ya kuvunja upangaji, na vilevile tabia ya kuchelewa kila mara, hata kama fedha hufika mwishowe. Sheria hiyo ilitungwa wakati maduka mengi ya mjini yalikuwa ya Waasia na wafanyabiashara Waafrika walikuwa wakianza kuyapanga. Lengo lilikuwa kumlinda anayeingia. Kwa mwenye jengo maana yake ilikuwa kwamba notisi iliyokosewa fomu ilianza upya, na kila mwezi wa kuanza upya ulikuwa mwezi mwingine usiolipwa.

Tanganyika ilikuwa na sura nyingine ya upangaji, nayo ilijengwa na ramani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimojawapo, mara nyingi cha mbele, na vingine akapangisha. Uchunguzi wa J. A. K. Leslie uliofanywa Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957 unaonyesha mji ambao wengi wa wakazi wake waliishi hivyo. Mdai na mdaiwa walipishana ukumbini kila asubuhi na walichota maji ndoo moja baada ya nyingine. Katika nyumba ya namna hiyo deni halikuhitaji karani wala notisi. Lilidaiwa kwa kikohozi, kwa salamu iliyokatwa, kwa maneno yaliyosemwa uani ili yasikike chumbani. Pumwani ya Nairobi, iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilifanana na hiyo, na wenye nyumba wengi wa mwanzo walikuwa wanawake waliojijenga kwa fedha yao wenyewe, kama ilivyoandikwa na mwanahistoria Luise White. Mdai huyu alikuwa na faida ambayo ofisi haina: alijua mpangaji amepata kazi au ameikosa, ameuguliwa au amelewa. Aliweza kumngoja wa kwanza na kumfukuza wa pili.

Baada ya uhuru wa Tanganyika dola yenyewe ikawa mwenye nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya kudhibiti kodi. Mwezi Aprili 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Waasia katikati ya miji, na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Siku moja maelfu ya wapangaji walibadilishiwa mdai bila kuhama chumba. Jina la Msajili likaingia katika mazungumzo ya mitaani, na nyumba zake zikaitwa hivyo hivyo, "za Msajili". Kodi zilikuwa chini, matengenezo yakapungua, na kwa mpangaji anayelipa kidogo kwa mdai asiyepita ukumbini, kuchelewa hakukuwa na uchungu. Mwaka 1990 majengo hayo yaliunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilirithi kuta pamoja na malimbikizo. Shirika limetumia madalali kuwatoa wadaiwa sugu mara kwa mara, na orodha ya wadaiwa hao haikuwa ya maskini tu. Idara za serikali zimekuwa ndani yake pia.

Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Tanzania ya 1984 iliunda mabaraza ya nyumba na kumkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza, hata pale kodi haikulipwa. Ilizuia pia malipo ya ziada yasiyo kodi. Malipo hayo yana jina la zamani: kilemba. Katika mila, kilemba ni zawadi anayopewa mwalimu na mwanafunzi aliyehitimu ufundi, au mjomba na baba wakati wa posa. Katika maduka ya Kariakoo ni fedha anayotoa anayeingia kwa anayetoka ili aachiwe fremu. Bombay malipo ya aina hiyo huitwa kwa neno la Kihindi ambalo nalo maana yake ni kilemba. Kodi iliyozuiwa isipande iliacha tofauti kati ya bei ya sheria na bei ya soko, na kilemba kikakaa katika pengo hilo. Sheria hiyo ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Migogoro sasa hupelekwa katika mfumo wa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, ambamo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo mlango wa kesi nyingi za kupangisha.

Ulinzi wa wapangaji ulivyokuwa ukikaza, na mabaraza yalivyokuwa yakichelewa, wenye nyumba wa Dar es Salaam walihamia kwenye muda. Badala ya kudai mwezi uliopita, walianza kudai miezi ijayo: sita, na mara nyingi mwaka mzima, kwa mkupuo, kabla ya funguo kutolewa. Wanaouita mtindo huu tamaa tupu wanaona nusu tu. Aliyekwisha kulipa mpaka Desemba hawezi kuwa mdaiwa wa Juni, kwa hiyo mwenye nyumba hahitaji dalali, baraza wala mlango. Hatari yote imebebeshwa mpangaji, ambaye sasa anakopa kwa ndugu, kwa chama cha akiba au kwa mwajiri ili awe na kodi ya mwaka mkononi siku moja. Deni halikutoweka. Limehamia kwa mdai mwingine, na wakati mwingine mdai huyo ana riba. Nairobi na Mombasa mtindo ulikuwa tofauti: kodi ya mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili, ambayo mpangaji anayejua desturi huitumia kama kodi ya miezi yake ya mwisho, naye mwenye nyumba anayejua desturi hiyo huanza kumfuatilia mapema.

Pale muda, dalali na baraza viliposhindikana, kilibaki kitasa. Kufuli la pili juu ya kufuli la mpangaji, umeme uliokatwa, bomba lililofungwa, mlango ulioning'inizwa nje ya bawaba zake, mabati yaliyong'olewa paani mvua ikinyesha: hizi ni njia zisizo na kifungu chochote cha sheria nyuma yake, na zimetumika katika kila mji wa eneo hili. Wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020, mapato ya vibarua yalipokauka, zilionekana waziwazi Nairobi. Anayezitumia anajiweka katika hatari ya kushtakiwa na mpangaji wake, lakini anajua kuwa aliyekosa elfu tatu za kodi ni nadra kuwa na fedha ya wakili. Hesabu hiyo ndiyo inayozifanya zidumu, si ujinga wa sheria.

Njia iliyo halali kabisa, kesi ya madai, ina uzito wake. Nchini Kenya malimbikizo yanaweza kudaiwa mahakamani ndani ya miaka sita. Mdai akishinda, anakamata mali chini ya hukumu, na hapo sheria ya mwenendo wa madai, nayo ya asili ya India, inaokoa vitu ambavyo si vya kuuzwa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na zana za fundi. Sufuria na kitanda havitoki. Mdai anaweza pia kuomba mdaiwa afungwe kifungo cha madai, Kenya na Tanzania pia, lakini gharama ya chakula cha mfungwa huyo hulipwa na mdai mwenyewe. Mwenye nyumba aliyemlisha mpangaji wake gerezani kwa kuwa hakumlipa kodi anagundua kwa nini wengi huacha njia hiyo.

Uingereza yenyewe iliachana na mila yake. Sheria ya mwaka 2007 iliyoanza kutekelezwa tarehe 6 Aprili 2014 ilifuta haki ya kale ya kukamata mali kwa ajili ya kodi na badala yake ikaweka utaratibu mpya, kwa majengo ya biashara tu, wenye notisi kwanza na maofisa wenye kibali. Mpangaji wa nyumba ya kuishi hakamatiwi tena vyombo vyake bila mahakama. Nchini Kenya mswada wa mwaka 2021 ulipendekeza kufuta sheria zote tatu za zamani, ya kukamata mali, ya kudhibiti kodi na ya maduka, na kuziweka pamoja katika moja. Mswada huo haukuwa sheria. Dalali wa Nairobi anaendelea kubisha hodi kwa haki ya kale iliyopewa mnada na Bunge la 1689, nayo bado inamtaka afike baada ya jua kuchomoza na asivunje mlango wa nje.